Wameondoa Kitufe cha Shikamoo

Maretadu, Jumapili, mwezi wa saba.

Leo baridi imeingia mpaka kwenye vitufe vya kompyuta. Ukungu umekaa juu ya shamba tangu asubuhi kama mgeni asiyejua kuaga, na vidole vyangu vinaandika polepole kuliko ninavyofikiri. Labda ni afadhali. Ningeandika haraka ningelia, na nimeshalia kanisani, nikasingizia mafua.

Sijui kama kuna mtu anasoma blogu hii. Huwa naandika kama mtu anayeongea na ukuta, na ukuta umekuwa msikivu. Leo nina jambo moja tu la kusema.

Wameondoa kitufe cha shikamoo.

Najua ukisoma hivyo utacheka. Ngoja nieleze.

Mimi ni mtu wa sauti ndogo. Huku kwetu huwezi kumpita mtu mzima bila kumwamkia, na haitoshi kumwamkia: lazima asikie, aitikie, akuulize nyumbani hamjambo, mahindi yamekauka, ng'ombe wanakunywa wapi siku hizi, ndipo upite. Mimi namwamkia kila mtu, naapa. Ila sauti yangu inafika kwenye meno na kugeuka. Nimekua nikisikia nyuma yangu, "Huyu ni mtoto wa nani, haamkii watu?" Na Mama akipelekewa habari hizo ananiuliza, "Yaani nimekunyima ulimi?"

Koku alikuja tulipokuwa kidato cha pili. Mama yake ni nesi, wametoka Kagera, akapangiwa zahanati yetu. Koku anaongea mpaka na milango. Siku ya kwanza kukaa na mimi dawati moja aliniangalia nikimwamkia mwalimu, akaniambia, "We, mdomo umefunguka lakini hakijatoka kitu." Kuanzia hapo akaniita Bubu. Mwingine angeniita hivyo ningejificha chooni. Kwake lilikuwa kama jina nililochaguliwa.

Tukitembea njiani alikuwa anaamkia kwa niaba yetu sote. "Shikamoo mzee! Na huyu naye anasema shikamoo, iko njiani inakuja!" Wazee walicheka. "Marahaba nyote wawili," wanasema, na mimi napita nimenyoosha shingo kama watu wengine.

Gemu yetu ilianza kwenye chumba cha kompyuta cha shule, Jumamosi baada ya usafi. Kompyuta zilikuwa na programu moja ya kujifunzia, ile ambayo huandiki kitu, unapanga vitalu vya rangi kimoja juu ya kingine: kitalu cha kutembea, kitalu cha kusubiri, kitalu cha kutoa sauti. Sitataja majina halisi ya programu hapa, hili si tangazo. Hiyo sisi tuliiita Vitalu.

Mimi nilitaka gemu ya msichana anayetafuta ndama aliyepotea, anapita nyumba hadi nyumba. Koku akauliza, "Sasa hapo ugumu uko wapi? Anaingia, anauliza, anaambiwa."

Nikamwambia haiwezekani. Kwetu ukiingia kwa watu ukianza na "mmemwona ndama wangu?", hata kama ndama amefungwa nyuma ya nyumba yao, utaambiwa hawajamwona. Unaamkia. Unakaa. Unapewa kitu cha kunywa na unakinywa. Unasema habari za kwenu, zote. Ndipo ukishasimama kuondoka unamtaja ndama, kama vile umemkumbuka sasa hivi.

Koku akauliza, "Yaani ng'ombe kapotea na nyie mnakunywa uji?"

"Ndiyo."

"Basi hapo ndipo penye gemu," akasema.

Kitufe lilikuwa wazo lake. Duara la kijani, pembeni chini. Msichana akimkaribia mtu mzima unakibonyeza, anainama kidogo, na sauti inatoka: shikamoo. Usipobonyeza, mzee anaangalia pembeni na huwezi kupata chochote kwenye nyumba ile, hata ukizunguka mpaka vidole viume.

Sauti ile ni yangu.

Koku alifunga mlango wa chumba cha kompyuta, akaweka simu mbele yangu, akageukia ukutani ili asinitazame. Nilisema shikamoo mara nyingi sana. Ya mwisho ilisikika. Hata mimi nilishtuka nilipoisikiliza. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye kwao.

Tulikosea mambo mengi. Tulipomaliza kumtengeneza mzee wa kwanza tukanakili vitalu vyake vyote na kuwapa viumbe wengine ili kuokoa muda, tukasahau kubadilisha. Msichana wetu akamwamkia mtoto anayetambaa, mtoto akaitikia "Marahaba, mama yako hajambo?" Akasogea kwa mbwa. Mbwa naye, "Marahaba, mama yako hajambo?" Koku alilala sakafuni. Mwalimu akaja amekunja uso, kelele za nini, kisha akavuta kiti akambonyeza mbwa yeye mwenyewe, tena na tena.

Mama aliipenda gemu ile kuliko watu wote. Kaka yangu alipokuja nyumbani na kompyuta yake, nilimwekea Mama humo. Mzee wa kwenye gemu akiuliza "Mama yako hajambo?", Mama anajibu kwa sauti, "Hajambo, anashukuru."

Mwezi wa kwanza mwaka huu mama yake Koku alihamishiwa Mwanza.

Sitaandika siku waliyoondoka. Sijaiweza.

Tulikubaliana kwamba tutaendelea pamoja, kila mmoja alipo. Ila Vitalu vilishaanza kutubana. Gemu ilikuwa kubwa, vitalu vimekuwa vingi kiasi cha kushindwa kujua kipi kinaongoza kipi, na tulitaka iwe kitu ambacho mtu anaweka kwenye simu yake na kucheza akiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Tukasema tuhamie programu ya wakubwa. Moja, ya kwetu wote. Ndiyo hapo tulipofika njia panda.

Kompyuta yangu aliniachia kaka alipopata nyingine. Imefungwa kwa utepe wa gundi upande mmoja, na umeme ukikatika inazima bila salamu. Koku kule Mwanza amejiunga na klabu ya wanafunzi wanaotengeneza gemu, wana kompyuta mpya, na wote wanatumia programu moja kubwa sana. Mimi naiita Jitu. Jitu linaweza kila kitu: milima inayozunguka, maji yanayong'aa, kivuli kinachofuata jua. Lina hata duka lake ndani, unachukua nyumba na miti iliyokwishatengenezwa.

Nililipakua. Bando lilikwisha, nikasubiri, nikaendelea. Siku lilipokamilika nilinawa mikono kabla ya kulifungua. Likafunguka. Likaonyesha picha yake nzuri ya mwanzo. Kisha mshale ukaganda katikati ya kioo, feni ikaanza kunguruma, na Mama akauliza kutoka jikoni, "Nani anasaga saa hizi?"

Nikajaribu nyingine, ndogo, ya bure. Hiyo naiita Kibiriti. Kilifunguka kabla sijaweka kikombe chini. Hakina milima wala maji yanayong'aa. Unaandika maagizo kwa maneno, na ukikosea nafasi moja tu mwanzoni mwa mstari kinakataa chote, kinakupa onyo jekundu kwa Kiingereza. Nalisoma onyo kama tulivyosoma fizikia tulipoanza kidato cha kwanza: neno moja moja naelewa, sentensi inanipita. Halafu nikirudia mara tatu inakaa. Na kuna kitu kilinifurahisha mpaka nikatabasamu peke yangu. Majina ya vitu ndani ya gemu unajichagulia mwenyewe. Niliandika mzee_ameamkiwa, na mashine ikakubali bila kuuliza ni lugha gani.

Kama umefika hapa kwa sababu unatafuta programu ya kuanzia, nitakuambia ninachokijua, na ni kidogo. Usianze kwa kuuliza ipi ni bora. Angalia kwanza kompyuta uliyonayo, si ile unayoiota. Halafu jiulize unataka kutengeneza nini, na kama hicho kitu kinahitaji milima inayozunguka au kinahitaji watu wawili tu na mlango. Video nyingi za mafunzo ni za Jitu, kwa hiyo ukiwa na mashine ya kulibeba utapata wa kukusaidia. Ukiwa na mashine kama yangu, chukua ile inayofunguka. Tengeneza kitu kidogo ukimalize.

Hivyo ndivyo ningemshauri mtu mwingine. Mimi nilikuwa na swali lingine, ambalo hakuna video inayolijibu: utafanyaje kama mtu wako yuko ndani ya Jitu?

Nilimwomba Koku tutumie Kibiriti. Akasema wenzake walicheka, eti hiyo ni ya watoto. Akasema yeye ataihamishia gemu kwenye Jitu na wenzake, halafu atanitumia nione. Nikasema sawa. Mimi husema sawa.

Jumatano gemu ikaja. Ujumbe wa sauti kwanza, nikausikiliza nyuma ya nyumba.

"Bubu! Bubu wangu! Cheza halafu uniambie. Usinune lakini, tumebadilisha vitu vidogo vidogo. Wenzangu wanasema yale maamkizi yanachelewesha, mchezaji anachoka. Sasa ni kukimbia tu, fwaa! Utaipenda."

Nikaiweka kwenye simu ya Mama, kwa sababu yangu haina nafasi. Mama alikuwa anapukuchua mahindi. Nikakaa chini karibu naye, nikacheza naye akiangalia.

Ni nzuri. Lazima niseme ukweli, ni nzuri sana. Jua linazama kweli. Nyasi zinatikisika. Msichana wetu ana kiatu na nywele zinazopeperuka. Anaingia kwenye ua wa watu mbio, anamgonga mzee begani, kengele inalia, juu ya kichwa cha mzee yanatokea maandishi: ndama yuko kaskazini. Anatoka mbio. Nyumba zote zina mabomba ya moshi juu ya paa, zimetoka kwenye lile duka la Jitu. Kwenye gemu yetu nyumba ya mwisho ilikuwa ya shangazi yangu wa Jorodom, yenye mlango wa bluu. Niliichora kwa kukumbuka, maana tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang liliishusha, na shangazi sasa anaishi kwingine. Nikaitafuta. Nilizunguka ramani yote nikiitafuta.

Mama aliacha kupukuchua.

"Huyu mtoto ana haraka gani?"

"Ndivyo ilivyo sasa, Mama."

"Hata mbuzi akiingia kwa watu hulia kwanza." Akasogea. "Bonyeza pale pa kijani nikusikie."

"Hapapo."

"Hapapo vipi?"

"Wamepaondoa. Wanasema panachelewesha."

Mama alichukua gunzi, akalizungusha mkononi ingawa lilikuwa tupu. Nilifikiri atacheka. Akauliza, "Na rafiki yako alikuwepo walipokuondoa wewe humo?"

Sikuwa nimejiuliza hivyo. Kweli, sikuwa nimejiuliza.

Ijumaa ukaja ujumbe mwingine. Gemu inapelekwa kwenye shindano la wanafunzi, wanatakiwa kuikamilisha, na ng'ombe wao wanafanana na mbwa wenye pembe. "Bubu, tunakuhitaji. Wewe utuchoree tu ng'ombe, mengine tutafanya sisi. Nakuweka kwenye kundi, utafurahi, kuna vichekesho humo! Jibu kabla ya Jumapili kuisha."

Nitakiri kitu. Nilikuwa nimeshaandika "sawa". Kidole kilikuwa juu ya kutuma.

Maana nikisema sawa, Koku ataniandikia kila siku. Ataniuliza ng'ombe wa kijivu yuko wapi, pembe zipinde hivi au hivi, Bubu fanya haraka. Nikikataa, tutaandikiana nini? Heri ya sikukuu? Tangu ahame hatuna jambo lingine tunalofanya pamoja. Gemu hii ndiyo njia iliyobaki kati ya Maretadu na Mwanza, na sasa imepita ndani ya programu ambayo kompyuta yangu haiwezi hata kuifungua. Ningekuwa mle ndani kwa kuchora tu, kama mtu aliyesimama dirishani kwa watu.

Nikafuta ile sawa. Jana nikaandika jambo ambalo kwangu ni kubwa. Niliuliza. "Haiwezekani kitufe kirudi? Hata kama ni cha hiari, anayetaka abonyeze, asiyetaka apite."

Akajibu haraka. "Tulipiga kura, Bubu. Mmoja tu ndiye aliyetaka kibaki."

Utanicheka. Nilifurahi. Nilisimama kabisa, nikatembea mpaka kwenye zizi na kurudi, nimeishika simu kifuani. Mmoja alitaka kibaki. Nikamwona Koku kwenye chumba kile cha Mwanza, mikono kiunoni, anawaambia nyie hamjui, nyie hamjakaa kule. Nikaandika, "Asante kwa kunitetea."

Ikaonyesha anaandika. Ikaacha. Ikaonyesha anaandika.

"Hapana, si mimi. Ni kijana mmoja wa Sengerema. Mimi niliona wenzangu wako sahihi. Usichukie, ni gemu."

Kuna mvulana Sengerema, sijawahi kumwona, hajui jina langu, aliyesikia sauti yangu kwenye gemu akataka ibaki.

Na Koku aliyegeukia ukutani ili nisione aibu, akasema itolewe.

Jana sikuandika hapa kwa sababu sikuwa na pa kuanzia. Nilipukuchua mahindi mpaka vidole vikachubuka.  Mama alinisogezea gunia lingine, akawa anaimba wimbo wa kwaya ambao haujui vizuri, anarudia mstari mmoja.

Leo baada ya kanisa nimefanya uamuzi. Si kwa ujasiri. Ni kwamba Jumapili ilikuwa inaisha.

Nimekusanya ng'ombe wangu wote. Yule mwekundu mwenye doa usoni, wa kijivu, yule dume mwenye nundu iliyolala upande, ndama wawili. Nilimchorea Koku hawa ng'ombe, mmoja mmoja, akiwa pembeni yangu ananiambia "ongeza mkia, huyu anafukuzaje nzi?" Siwezi kuwazuia. Ni wake. Nimewatuma wote, halafu nikaandika:

"Koku, hawa ng'ombe ni wenu, watumieni. Mimi sitaingia kwenye kundi. Nabaki na Kibiriti, nitaanza nyingine peke yangu. Nawatakia ushindi."

Nimeusoma mara nyingi nikitafuta neno lililo baya. Sikuliona. Nikatuma, nikaifunika simu kwa mto kama vile italia.

Ujumbe wake wa sauti ulikuja wakati Mama anaanua nguo. Koku hakuwa anapiga kelele. Sijawahi kumsikia akiongea taratibu hivyo.

"Bubu. Yaani umenisusa? Kwa ajili ya kitufe?" Halafu nikasikia watu nyuma yake wanacheka, na mtu anamwita, Koku njoo uone. "Haya. Mimi sikujua kama... Haya bwana. Ng'ombe wazuri."

Umeishia hapo. Nimeusikiliza tena na tena, ile sehemu ya "sikujua kama". Sikujua kama nini? Nimeandika swali hilo nikalifuta. Kama alikuwa anajua mwisho wake angeusema. Koku humaliza sentensi zake zote.

Nafikiri ndiyo imekwisha. Naandika hivyo ili nione neno hilo linavyoonekana likiwa limeandikwa.

Linauma vilevile.

Watu huandika kwamba ukichagua programu sahihi utajisikia huru. Mimi sijisikii huru. Najisikia kama nimefunga mlango nikiwa mimi ndiye niliye nje kwenye baridi. Kila nikiona kitu cha kuchekesha leo, mkono umeenda kwenye simu kumwambia. Kuku ameingia na kulala juu ya kompyuta kwa sababu ina joto. Nimempiga picha. Sina wa kumtumia. Nimemwonyesha Mama, akasema, "Afadhali imepata kazi."

Sasa nimemwondoa kuku, na Kibiriti kiko wazi mbele yangu. Kiliniuliza jina la kazi mpya. Nilikaa muda mrefu mbele ya kile kisanduku kitupu, mwishowe nikaandika jaribio, kwa sababu sina jina, na jina la zamani halikuwa langu peke yangu.

Dirisha ni la kijivu, halina kitu. Hakuna jua linalozama. Nimeweka mraba mmoja mweupe katikati. Imenichukua alasiri yote, na maonyo mengi mekundu, mpaka nikagundua nilikosea herufi moja kwenye neno la Kiingereza ninalolijua tangu darasa la tano.

Lakini sasa nikibonyeza kulia, mraba unakwenda kulia. Unakwenda polepole, unafika ukingoni mwa dirisha, unapitiliza na kupotea, kwa sababu sijaufundisha kitu kingine.

Kesho nitaufundisha kurudi.